Vifungio vya kutumia tena, vipi bora kwa waya?

mpenda_usafi: Wakuu, nyuma ya TV waya zimejazana hatari, nimezifunga na kebo tai za kawaida (vile vimikanda vya plastiki vyenye meno) sasa kila nikitaka kutoa chaja moja lazima nishike mkasi. Hakuna kitu cha kufunga na kufungua?

baba_tuli: Chukua mikanda ya velkro, ile yenye upande wa kulabu ndogo na upande wa manyoya, unazungusha inajishika yenyewe. Usikaze sana lakini, waya wa chaja ukibanwa pale unapojikunja unakatika ndani kwa ndani na nje huoni kitu.

fundi_k: Kebo tai za kufunguka pia zipo, zina kiulimi kichwani, ukikibonyeza meno yanaachia. Za kukaa juani chukua nyeusi, nyeupe zinakauka zinakatika upesi.

mpenda_usafi: Velkro ninazo za zamani ila hazishiki tena, nitupe?

baba_tuli: Usitupe bana! Hizo zimejaa nywele na nyuzi upande wa kulabu, chokonoa na sindano au chanuo la meno madogo. Na ukifua chochote chenye velkro ifunge kwanza, la sivyo inakamata sweta inalichana nyuzi. Ndo kazi yake kung'ang'ania, yule Mswisi aliyeibuni, George de Mestral, aliiga mbegu zilizomganda mbwa wake 😂

mpenda_usafi: Haya, natafuta sindano.