Tupeane uzoefu: kadi ya grafiki ilikuchemkia, ukafanyaje?

Mwenye Chumba (Goma)
Jambo yenu. Nina chumba cha gemu hapa Katindo, kompyuta tano, zote zina kadi ya grafiki (ile inayochora picha za gemu) aina ya RTX 3060. Naanza na aibu yangu ili wengine msione haya.

Kadi moja ya feni mbili ilianza kunguruma kama mashine ya kusaga muhogo. Vijana wakicheza mpira dakika kumi, picha zinakwama. Nikapima: digrii 86, na pale kwenye chipu panapowaka kuliko kwingine pamepita 100. Nikaifungua. Katikati ya mapezi ya aluminiamu, yale yanayotoa joto, kulikuwa na blanketi kabisa: vumbi jeusi la mawe ya volkano, lile lile linaloingia mpaka kwenye soksi, limegandana na mafuta ya mandazi. (Mama wa mandazi anakaanga mlangoni kwangu. Simfukuzi, wateja wanampenda kuliko mimi.) Nilichokonoa kwa brashi ya rangi, likatoka zima kama kipande cha kitambaa.

Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Lakini zile pedi za kijivu zinazokaa juu ya memori zilikuwa zimekauka, zinamomonyoka, nikaenda kutafuta nyingine Birere. Muuzaji alikuwa nazo za milimita 2 tu. Zile za zamani sikuzipima. Nikafunga, nikawasha, joto likapita 90 kabla gemu haijafunguka.

Nikafungua tena. Tone la pesti (ile krimu ya kupitisha joto) nililoweka juu ya chipu lilikuwa palepale, duara, halijabanwa hata kidogo. Pedi nene zilikuwa zimeinua kipozeo chote, chipu haigusani na shaba ya kipozeo. Nafasi yenyewe ukiitazama ni kama unene wa karatasi chache, lakini kadi ya wati 170 haikuhitaji zaidi ya hapo kuchemka. Nilingoja pedi za milimita 1 wiki tatu. Sasa inacheza kwenye 71.

Haya, nani anafuata?

Mwanafunzi wa Ibanda (Bukavu)
Yaya, mimi yangu ilikuwa nzima! Nimenunua kadi ya mtumba, nawasha, feni hazizunguki. Nikaipeleka kwa fundi mmoja, akatikisa kichwa, akasema feni zimekufa, dola 20. Akabadilisha. Narudi nyumbani, bado hazizunguki. Rafiki yangu ndiye aliyefungua gemu, feni zikaamka. Kumbe kadi nyingi za siku hizi zimepangwa hivyo: chipu ikiwa chini ya digrii 50 na kitu, feni zinalala. Dola zangu 20 hazikuamka.

Msumeno (Lubumbashi)
Pole sana, mdogo wangu. Mimi nafanya kazi hii Kamalondo, na kwetu vumbi ni jekundu. Kiangazi kikianza mwezi wa tano, mpaka wa tisa hakuna mvua, na kadi zinaletwa zikiwa na rangi ya matofali.

Watu wanauliza "3060 inachemka?" kama vile ni kadi moja. Nvidia, wenye chipu, yenyewe haikuwahi kutoa 3060 ya muundo wake. Ilipotoka 2021, kila kiwanda kilichukua chipu na kuivalisha mwili wake. Kuna fupi ya sentimita 17 na kitu yenye feni moja, kuna ndefu ya feni tatu. Zote zina joto la wati zilezile la kumwaga. Ile fupi italia tu, si ugonjwa. Mimi ningechukua ya feni mbili yenye mirija minene ya shaba, ile inayobeba joto kutoka kwenye chipu, na kuachana na mapambo ya taa.

Mirija yenyewe wengi hudhani ni nondo za shaba. Nilikata mmoja wa kadi iliyokufa kwa msumeno, nikiweka bakuli chini. Halikudondoka hata tone: unyevu tu, na ukuta wa ndani una chembechembe za shaba kama sukari. Hayo maji kidogo yanachemka upande wa chipu, mvuke unakimbilia upande wa baridi, unageuka maji tena, chembechembe zinayafyonza na kuyarudisha. Ndiyo maana mrija ukikunjwa ukabonyea au kutoboka, usihangaike nao.

Jambo moja linaniudhi: watu wanapuliza kadi kwa kompresa ya gereji bila kushika feni. Feni inazunguka kwa kasi ambayo haikutengenezewa, beringi inakwisha, na feni inayosukumwa hivyo inazalisha umeme na kuurudisha kwenye kadi. Weka kidole, ndiyo upulize.

Dada Montaji (Goma, Himbi)
Mimi sichezi, nahariri video za harusi. Swali kwa mafundi: si mnasema Goma kuna baridi, kwa hiyo kadi zinapoa vizuri?

Msumeno
Nusu ya ukweli, dada. Baridi inasaidia. Ila ninyi mko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa yenu ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya pwani. Feni inazunguka vilevile lakini inabeba joto dogo zaidi kila mzunguko. Kesi yako, lile sanduku la kompyuta, ina tundu mbele?

Dada Montaji
Mbele ni kioo kitupu. Nimeifungua ubavu sasa hivi wakati narenda (kompyuta inatengeneza video ya mwisho), kadi imeshuka kutoka 82 hadi 74. Aksanti. Paka ameshaanza kuichungulia.

Mwenye Chumba
Mfukuze, nywele zake ni mbaya kuliko volkano. Habari mpya: feni ya kadi yangu ya tatu ilikuwa inakwaruza. Nimebandua stika ya katikati, nimetia tone la mafuta ya cherehani. Siku ya tatu hii, kimya.

Msumeno
Yangu ilidumu siku kumi na moja. Agiza feni mapema.