Tupeane uzoefu: wakazi wa Islii, ndege za nyuma ya ukuta mlizisikiaje?

Mjukuu_wa_Pumwani:
Salaam wadau. Ukitaja Islii leo, yaani Eastleigh hapa Nairobi, mtu anakumbuka nguo za jumla, simu na msongamano wa magari. Mimi nataka tuongee kuhusu uwanja wa ndege. Jina la Eastleigh lilitokea 1921, Nairobi East Township na Egerton Estate zilipounganishwa. Baadaye Jeshi la Anga la Uingereza likaweka kambi hapo, na kwa miaka mingi ndege za abiria nazo zilitua hapohapo. Binti mfalme Elizabeth alishukia Islii tarehe 1 Februari 1952. Siku tano baadaye baba yake akafariki, akaondoka Kenya akiwa malkia.

Nyanya yangu hakuwa na habari na malkia. Alikuwa Mkikuyu aliyesilimu na kuolewa Pumwani, na wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipopigana na Mau Mau miaka ya hamsini, kaka yake alikuwa msituni Nyandarua. Zile ndege kubwa za Lincoln ziliruka kutoka Islii kwenda kutupa mabomu huko. Nyanya alikuwa akikanda mahamri alfajiri huku anahesabu: zimeenda ngapi, zimerudi ngapi. Jirani mmoja alimwuliza kisa cha kuhesabu. Akajibu kwamba zikirudi zote upesi, basi hazikumpata mtu. Haikuwa kweli, na sidhani alijidanganya, lakini aliendelea kuhesabu mpaka zilipoacha kwenda. Kaka yake hakurudi. Alinisimulia mara moja tu, mwaka mmoja kabla hajatutoka, na najuta sikumwuliza zaidi. Ndiyo sababu nafungua uzi huu. Mwenye la kwake alete, hata kama ni dogo.

Kijana_wa_Zamani:
Shukrani kwa kuanzisha. Mimi nina ya 1982. Nilikuwa darasa la tano, tunakaa Section 3. Jumapili ile, Agosti mosi, mama aliwasha redio akipika chai, tukamsikia Leonard Mambo Mbotela, sauti tuliyoizoea kwenye mpira, akitangaza kwamba serikali imepinduliwa. Baadaye tulijua alichukuliwa nyumbani kwake akalazimishwa kusoma. Milio ya bunduki ilianza kusikika, baba akatulaza chini ya kitanda chao, sote watano.

Kwenye ploti yetu alipanga kijana mmoja wa jeshi la anga. Alikuwa akitutengenezea baiskeli na kutuambia majina ya ndege kwa mlio tu, kabla hazijaonekana. Siku ile hakuwepo, na hakurudi tena. Sijui kama alikuwa upande gani, au kama alikuwa na upande. Godoro lake na jiko la mchina vilikaa miezi mitatu, mwenye nyumba akaviuza kufidia kodi. Mapinduzi yalishindwa, na kwa kuwa walioasi walikuwa askari wa jeshi la anga, jeshi lenyewe lilivunjwa, likaitwa 82 Air Force chini ya jeshi la nchi kavu hadi 1994. Watu wazima waliliongelea hilo kwa kunong'ona. Sisi watoto tulimwongelea fundi wetu wa baiskeli.

Binti_wa_Second_Avenue:
Wazazi wangu walitoka Hargeisa, kaskazini mwa Somalia. Wasiojua: mwaka 1988 serikali ya Siad Barre iliupiga mji huo mabomu, na baadhi ya ndege ziliruka kutoka uwanja wa Hargeisa wenyewe, zikageuka na kuwapiga watu walioko chini yake. Tulifika Nairobi mwanzoni mwa miaka ya tisini, tukapata chumba Islii. Hooyo, yaani mama, hakuambiwa kwamba nyuma yetu kuna kambi ya ndege. Ya kwanza ilipopita alitutupa chini ya meza, akalala juu yetu. Akina mama wa ploti wakaja mbio. Hawakujua Kisomali, yeye hajui Kiswahili. Mmoja alikaa naye sakafuni akamshika mkono mpaka jioni.

Baadaye alianza kuuza mashuka Garissa Lodge, wakati vyumba vya wageni vilipokuwa vikigeuzwa maduka kimoja kimoja. Alizoea kelele zote za mtaa huu, matatu, mpiga debe, jenereta. Ndege hakuizoea. Hata leo ikipita ananyamaza katikati ya sentensi, halafu anaendelea pale alipoachia.

Mzee_Kobe:
Nasoma nikiwa Leicester. Nilizaliwa Islii, baba alikuwa fundi cherehani. Jumapili alitupeleka kutazama ndege za East African Airways. Tulibeba chapati na achari. Tuliondoka 1968. Sina zaidi, ila nimefurahi kuona kuna wanaokumbuka.

Mwana_wa_Kiambu:
Yangu si ya Islii moja kwa moja, niruhusuni. Ndege za abiria zilipozidi ukubwa ukajengwa uwanja mpya Embakasi, ukafunguliwa 1958, na waliovunja mawe na kusawazisha ardhi walikuwa wafungwa wa Mau Mau. Guka wangu, yaani babu, alikuwamo. Alishikwa Nairobi katika Operesheni Anvil, ule msako mkubwa wa Waingereza, Aprili 1954.

Nilipokuwa nasafiri kusoma ng'ambo, tulimbeba aje kunisindikiza. Tulipofika alikataa katakata: «Si hapa.» Tukadhani uzee umemchanganya. Kumbe alikuwa sahihi. Jengo tunalotumia lilifunguliwa 1978, la zamani liko upande wa pili wa njia ya kurukia. Tukampeleka hadi mahali anapoweza kuiona ile njia kupitia waya. Alitazama muda mrefu, kisha akaniuliza: «Haijapasuka?» Nikamwambia haijapasuka, Guka. Akaitikia kwa kichwa, akataka tumrudishe kwenye gari.

Mjukuu_wa_Pumwani:
Mwana wa Kiambu, nimesoma yako mara mbili. Binti, mpe mama salamu zangu. Kama bado anakumbuka ni ploti gani mliyofikia, niandikie, maana nyanya yangu alikuwa na dada yake mdogo huko miaka hiyo hiyo, na alikuwa mtu wa kukaa sakafuni na wageni.