Tupeane uzoefu: Umegeuzaje chumba cha wageni kikawa cha mtoto?

Mama wa Langoni
Assalam aleykum ndugu zangu. Nina jambo linaninyima usingizi, na nataka kusikia kwa waliolipitia. Kifungua mimba wangu ametimiza miaka 10 na bado analala chumba kimoja na dada yake wa miaka 7. Dini imeshatwambia wakifika umri huo tuwatenganishe malazi, na hata bila ya hilo mwenyewe ameanza kujifungia chooni kila akibadilisha nguo. Chumba kilichobaki ni sabule. Wenye nyumba za kale za Amu, yaani Lamu, mwajua: sabule ni ya mgeni, iko juu, na kwetu ngazi yake yaanzia dakani, pale kibarazani pa kuingilia nyumba, ili mgeni aingie na kutoka asipite kwa wanawake. Basi nina mizigo miwili. Mwanangu atakuwa mbali, akiamka na ndoto mbaya sitamsikia. Na mavyaa wangu, mama wa mume, hataki kabisa. Asema Maulidi ikiingia, wageni wa Pate na wa Malindi tutawalaza wapi, jikoni? Aliyewahi kufanya anipe habari, na anambie mtoto alilala kweli au la.

Baba Pacha, Malindi
Waaleykum salaam dada. Mimi nilidhani kazi yote ni kununua kitanda. Chumba chetu cha wageni ni kidogo, nikaona dabal deka ndiyo dawa ya pacha wangu wa miaka 8. Fundi akaunda vizuri, mbao nzito, magodoro ya tatu kwa sita. Usiku wa kwanza nikaingia kuwatazama, nikamkuta wa juu ameketi kitako na feni ya darini inazunguka karibu na kichwa chake. Sikupima! Nilipima urefu na upana wa chumba, kimo sikukikumbuka. Nilizima feni palepale nikasimama pale mlangoni moyo wanidunda. Asubuhi nikaing'oa, nikafunga feni ya ukutani.

Bado haikuisha. Ilipoingia kaskazi, joto lote lilipanda juu, na yule wa juu kila usiku akawa anashuka kulala mkekani. Baada ya miezi miwili nilimrudisha fundi akakitenganisha kitanda kikawa viwili, kila kimoja ukutani kwake. Chumba kimebanwa lakini wanalala. Pima kimo, dada, na ukishapima fikiria neti itaning'inia wapi.

Fundi wa Mkomani
Mama wa Langoni, kabla ya kitanda niulize ukuta. Nimefanya kazi hizi miaka mingi na kosa ni lile lile. Chumba cha wageni hukaa kimefungwa mwaka mzima, madirisha hayafunguliwi, unyevu unalala humo. Siku mwenyewe akitaka kumhamishia mtoto, anaona chokaa inabambuka chini, anamwita mtu apige simenti na rangi ya mafuta ing'are. Miezi michache tu, simenti imetuna, rangi imepasuka, na godoro la mtoto limeota ukungu upande wa ukutani.

Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Zinanyonya maji ya ardhini na chumvi yake, kisha zinayatoa kwa kupumua. Ukiziba kwa simenti yale maji hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi, na chumvi inakula ukuta kutoka ndani. Nyumba moja ya mtoto mwenye kifua tulibandua simenti yote hadi kwenye jiwe, tukaacha ukuta wazi msimu wa kaskazi ukauke, ndipo tukapiga chokaa tabaka nyembamba nyembamba na kumalizia kwa chokaa nyeupe. Haing'ari kama rangi ya dukani, lakini ndani mwapoa na harufu ya ukungu imeondoka.

Jambo jingine nalisema kwa uzito: kama kuna rangi ya mafuta ya zamani milangoni au madirishani, msiikwangue kavu. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Ilowesheni kwanza, watoto wawe nje, vumbi lote lifutwe kwa kitambaa kibichi.

Wala usibomoe ukuta ili kuunganisha sabule na ndani, najua wazo hilo litakuja. Mji wa Kale wa Lamu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kila badiliko la jengo lina utaratibu wake. Nenda kwanza kwa watu wa makavazi wanaoshughulikia uhifadhi. Hata bila sheria, ukuta wa namna ile umebeba boriti za juu. Utafungua mlango na kuangusha dari.

Mama wa Langoni
Fundi, umenisoma. Hilo la kutoboa ukuta mume wangu amelisema jana.

Binti wa Shela
Mimi nitaeleza kwa upande wa mtoto, maana nilikuwa huyo mtoto.

Nilipewa chumba cha wageni nikiwa na miaka 9. Niliambiwa "hiki chako". Nikapanga madaftari yangu kwenye vidaka, vile vishubaka vya ukutani, nikaweka jahazi dogo nililochongewa na babu, nikafunga pazia. Mgeni wa kwanza alikuja baada ya wiki tatu. Nilirudi madrasa nikakuta vitu vyangu vyote vimetiwa kwenye kiroba kimewekwa ukumbini, na jahazi langu tanga limevunjika. Hakuna aliyeniambia. Nililala kwa mama wiki nzima. Ikawa hivyo kila mara: harusi, matanga, Maulidi, shule zikifungwa. Mwishowe nikaacha kupanga vitu. Kiroba nilikiacha kimefungwa chini ya kitanda muda wote, nimekaa tayari kuondolewa. Nilikaa chumba kile hadi nikaolewa na sikuwahi kutundika hata picha moja.

Simlaumu mama. Mgeni kwetu ana haki yake na mimi mwenyewe leo mlango wangu hauna komeo kwa ndugu. Ninachosikitika ni kwamba hakuna aliyeniuliza. Mngeniambia siku mbili mbele, "mama mdogo anakuja, atalala kwako, tupange pamoja", ningemtandikia kitanda kwa mikono yangu. Dada, ukimpa mwanao chumba, mpe kweli. Na ukimwomba akiazime, mwombe kweli.

Mama wa Watatu
Binti wa Shela, nimelia. Kiroba kama hicho kiko nyumbani kwangu sasa hivi. Nakwenda kukifungua.

Kwetu shida ilikuwa nyingine. Chumba cha wageni ndicho alichougulia mama yangu miezi yake ya mwisho, na humo ndimo alimofia. Mwaka mzima tulikifunga. Tulipotaka kumhamishia kijana wa miaka 7 alikataa, akasema bibi bado amelala. Watu wazima wakamcheka, mimi nikamwona ana haki. Tulifungua madirisha, tukafukiza udi, tukasoma, tukapaka chokaa. Kitanda cha bibi hatukukitupa, tulikigeuza upande, kichwa kikatazama dirisha la baharini. Kisha nikakaa naye humo jioni, jioni baada ya jioni, namhadithia bibi alivyokuwa: jinsi alivyomwita "ndoo hapa, mwanangu" kwa Kiamu chake, jinsi alivyoficha halua kwenye kidaka cha juu asiifikie. Siku moja akaniuliza kama anaweza kuweka yake pale pale. Usiku ule alilala peke yake hadi alfajiri.

Shangazi wa Maweni
Kwa wenye mabinti nina neno fupi. Mpeni kabati au hata sanduku lenye ufunguo wake. Mpwa wangu ameanza hedhi mwaka huu, chumba anagawana na kila mgeni anayepita, na kitu alichokitamani kuliko kitanda kipya ni droo moja isiyofunguliwa na mtu. Na kabati refu lifungeni ukutani kwa chuma, wadogo hupanda.

Baba Pacha, Malindi
Naongezea la ngazi, kwa kuwa sabule yako iko juu. Mtoto akitoka usiku na usingizi wake, hatua ya kwanza ni ngazi. Weka taa ndogo ya kuwaka usiku kucha, na umpe tochi kwa siku umeme ukikatika.

Mama wa Langoni
Nimerudi. Ni wiki ya sita sasa.

Nilianza na mavyaa. Sikumwambia chumba kinaondoka, nilimsomea habari ya kiroba. Alinyamaza kitambo, kisha akasema naye alikulia hivyo hivyo, na kwamba wageni watapata mahali, godoro la ziada litakunjwa chini ya kitanda. Basi akawa yeye ndiye msimamizi wa mafundi, hata nikachoka.

Ukuta wa chini tumebandua kama alivyosema Fundi, chokaa bado inakauka upande mmoja kwa hiyo kitanda kimekaa katikati. Kitanda chenyewe hakikupita kwenye ngazi. Seremala alipandisha mbao na kukiunda humo humo ndani. Baba yake alilala naye wiki mbili za mwanzo, kisha usiku mmoja mmoja, kisha basi. Mara mbili alishuka saa nane za usiku akaja kwangu. Nilimpokea, sikumrudisha. Nimenunua taa ya ngazini. Ile hofu yangu ya kutomsikia haijaondoka yote, nakiri. Bado naamka nikaenda kusimama dakani kusikiliza.

Dada yake naye amekigawa chumba cha chini kwa kamba na kanga, nusu yake, nusu ya wanasesere.

Na sasa mjomba anafika Jumatano na boti ya Mokowe. Nilimwomba kijana siku nne mbele, kama nilivyofunzwa hapa. Alifikiri, akapanda juu, akashuka. Ameshaondoa vitabu kwenye kidaka cha chini. Asema hicho ni cha mjomba aweke kofia na miwani yake, na vile vingine asiguse.