Kwa nini majani ya kunde hugeuka manjano maganda yanapojaa?

Swali (mkulima, Gede, Malindi)
Assalaam alaykum. Kunde nilizopanda kwa mvua za mwaka zimeanza kujaza maganda, na majani ya chini yanageuka manjano ilhali udongo una unyevu na sioni wadudu wala madoa. Nyumbani bado wanataka kuchuma majani ya mboga. Je, ni upungufu wa mbolea, au mmea unahamishia chakula kwenye mbegu? Na kama unahamisha, husafiri kwa umbo gani?

Jibu (mwalimu wa baiolojia, Lamu)
Waalaykum salaam, ndugu yangu. Mmea wako unajinyima kwa ajili ya mbegu. Protini za jani, hasa rubisko, kile kimeng'enya kinachonasa kabonidayoksaidi, huvunjwa kuwa asidi amino, yaani vijenzi vya protini, maganda yanapojaa, na naitrojeni yake hupita katika mirija ya floemu, ile inayosafirisha chakula mmeani, sehemu kubwa ikiwa asidi amino za asparajini na glutamini. Vinundu vya mizizi, ambamo bakteria hunasa naitrojeni ya hewani, navyo huipandisha kwa umbo la ureidi, yaani michanganyiko yenye naitrojeni nyingi iitwayo alantoini na asidi alantoiki, kama ilivyo kwa soya.

Mbegu hailetewi protini iliyokwisha kuundwa. Huletewa malighafi, ikaivunja, ikatengeneza asidi amino inazohitaji, kisha ikaziunga kuwa protini ziitwazo globulini, ambazo ndizo akiba ya mche utakaoota. Pasua ganda changa na lililokomaa uone: punje ya kwanza ni ya kijani na laini, ya pili ni ngumu, kwa kuwa wanga na protini vimejazana ndani yake na maji yamepungua.

Kwa hiyo, mboga ichumwe kabla ya maua. Jani bichi linalochumwa sasa ni naitrojeni inayokwenda chunguni badala ya kwenda gandani.

Jibu (bwana shamba, Malindi)
Naafikiana na mwalimu, ila wingi wa protini si hoja pekee. Kunde zina laisini nyingi na methionini kidogo, nazo zote mbili ni asidi amino ambazo mwili wetu hauwezi kujitengenezea. Mahindi ni kinyume chake, kwani zeini, protini kuu ya punje yake, karibu haina laisini kabisa. Mwaka 1964 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walionyesha kwamba mahindi yenye jeni iliyobadilika, opaque-2, hupunguza zeini na kuongeza laisini. Punje zake zilikuwa laini mno na zilishambuliwa na fukusi, hadi Evangelina Villegas na Surinder Vasal wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano kilichoko Meksiko, walipozifanya ngumu, kazi iliyowapa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2000. Kwetu, sahani ya mahindi na kunde hukamilishana vizuri.

Mwenye swali
Shukrani, mwalimu na bwana shamba. Je, nitie urea sasa?

Jibu (mwalimu wa baiolojia, Lamu)
La, usitie. Naitrojeni nyingi udongoni hudhoofisha vinundu. Ng'oa mche mmoja ukate kinundu kwa wembe: wekundu ndani ni ishara kwamba kingali kinafanya kazi; kikiwa kijani au kahawia, kazi yake imekwisha.