Tupeane uzoefu: Anime tulivu za maisha ya kawaida, kwa nini nyingine zinabaki Japani?

Kasuku wa Gerezani (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Kila mjadala wa anime (katuni za Kijapani) ambazo hazikutoka nje unaishia kwenye jibu lilelile: wageni wanataka mapigano, hawana subira ya kumtazama mtu akichuma maua kwa saa mbili. Jibu hilo lina ukweli wake, ila linawapa ahueni watu wa mikataba, ambao ndio hasa wanaozikalia filamu hizi. Uzi huu ni wa wanaoijua kazi yenyewe: leseni, tafsiri, kutia sauti, maonyesho. Habari za nani aliangalia nini akiwa na miaka mingapi tuziachie uzi mwingine.

Naanza na mfano ambao wengi huutaja nusunusu: Omoide Poro Poro, filamu ya mwongozaji Takahata Isao, Studio Ghibli, 1991. Taeko, mfanyakazi wa ofisini Tokyo mwenye miaka 27, anachukua likizo kwenda Yamagata kusaidia kuvuna benibana, yale maua yanayotengenezewa rangi ya mdomo, huku akijikumbuka alivyokuwa darasa la tano mwaka 1966. Hakuna jini, hakuna ndege ya vita. Na bado iliongoza kwa mapato kati ya filamu za Kijapani mwaka ule, kwa hiyo hoja ya "haiuziki" ilikuwa na tobo tangu mwanzo.

Mwaka 1996 Disney ikaingia mkataba na Tokuma Shoten, wakati huo kampuni mama ya Ghibli, kusambaza filamu za studio hiyo. Ghibli walikuwa wameshaumwa na nyoka: Nausicaä, filamu ya Miyazaki, ilikatwakatwa Marekani mwaka 1985 na kubandikwa jina la Warriors of the Wind. Safari hii wakasimamia sharti la kutokata chochote. Sasa ndani ya Omoide Poro Poro kuna sehemu ndefu ya wasichana kufundishwa habari za hedhi, na wavulana kuwatania. Soko la Marekani linaamini katuni ni ya watoto wadogo, na kasha lingebeba jina la Disney. Kuikata hairuhusiwi, kuitoa ilivyo hawataki, basi ikakaa kabatini. Ukiacha ilipoonyeshwa na televisheni ya Turner Classic Movies Januari 2006, ikiwa na maandishi ya chini tu, Wamarekani waliisubiri hadi 2016 wasambazaji GKIDS walipoipeleka kwenye kumbi za sinema. Ikapewa daraja la PG, yaani watoto watazame kwa ushauri wa wazazi.

Mwana wa Kisauni

Mleta mada, hapo kwenye "nje" pana kasoro. Omoide Poro Poro ilitoka kwa DVD Uingereza mwaka 2006, na Umi ga Kikoeru, ile ya wanafunzi wa Kochi iliyotengenezwa na Ghibli kwa ajili ya televisheni mwaka 1993, ikafuata huko mwaka 2010. Marekani iliipata ya pili mwishoni mwa 2016. Barani Ulaya haki ziliuzwa kupitia Wild Bunch wa Ufaransa, kwa hiyo mkono uliofunga mlango Marekani haukuwa na ufunguo wa mlango wa London.

Ukirudi nyuma zaidi utakuta tamthilia tulivu zilisafiri mapema kuliko maroboti kwenye nchi fulani. Heidi ya 1974, vipindi 52, ilitiwa sauti kwa Kijerumani, Kihispania, Kiitaliano na Kiarabu. Sara ya 1985, vipindi 46 vya mtoto anayeonewa shule ya bweni, Waarabu wanaijua kama Sali; Waswahili wa Muscat waliokulia na televisheni ya Kiarabu hawahitaji kuelezwa. Wafilipino waliipenda hadi wakatengeneza filamu yao ya waigizaji mwaka 1995. Zilikuwa zinauzwa kwa vituo vya televisheni kwa wingi, kituo kinajaza ratiba ya jioni miezi mitatu. Mfumo huo wa kununua ulipokufa, tamthilia ndizo zilizopoteza mnunuzi wake wa asili.

Karani wa Haki

Nieleze kamati, maana bila hiyo hamtaelewa lolote.

Anime nyingi hazimilikiwi na studio iliyozichora. Zinamilikiwa na kamati ya uzalishaji, seisaku iinkai: kituo cha televisheni, mchapishaji wa manga (vitabu vya hadithi za michoro), kampuni ya muziki, wakala wa matangazo, muuzaji wa diski, wakati mwingine studio yenyewe na hisa kidogo. Kila mmoja ameweka fedha na amepewa eneo lake la kuuza. Anayeshika mauzo ya nje anaitwa dirisha, madoguchi. Anakata kamisheni yake kwanza, kinachobaki kinagawanywa kwa hisa.

Mnunuzi wa nje analeta malipo ya uhakika ya awali, kisha mrabaha ukianza kuvuka kiasi hicho. Kwa tamthilia ya watu wazima isiyo na midoli wala mchezo wa simu, malipo hayo ni madogo. Yagawe kwa wanakamati saba, kisha kumbuka kwamba kila mmoja ana idara ya sheria inayotaka kusoma mkataba, na mwandishi wa manga naye lazima apitishe tafsiri na picha ya kasha. Gharama ya kusema "ndiyo" inazidi fedha inayoingia. Hakuna aliyekataa, ila barua pepe haijibiwi.

Angalia mistari ya mwisho ya filamu. Ukiona jina la kampuni moja tu baada ya alama ya hakimiliki, una mtu wa kumwandikia. Ukiona maneno 製作委員会, yaani hiyo seisaku iinkai, tafuta nani ni dirisha. Kwa kawaida ni kituo cha televisheni au kampuni ya diski. Ikiwa mmoja wa wanakamati amefilisika, hisa yake iko kwa mfilisi au imeuzwa pamoja na madeni, na hapo ndipo kazi za miaka ya 1980 na 1990 zinapozikwa.

Mfano wa hisa kuwa mahali pasipotarajiwa: Kaburi la Vimulimuli, 1988. Watu wanashangaa kwa nini haikuwa kwenye kapu la Disney wala kwenye filamu 21 za Ghibli zilizoingia Netflix mwaka 2020. Haki zake ziko kwa Shinchosha, wachapishaji wa hadithi yenyewe, ambao ndio waliogharamia filamu. Mkataba wa Tokuma haukuwagusa. Netflix waliipata Septemba 2024.

Zuhura Tumbatu

Wakuu, nyimbo je? Nimesikia ndizo zinazoua kuliko kitu kingine.

Fundi Mikanda

@Zuhura ndiyo, na tamthilia zinaumia zaidi kwa sababu zinapenda kutumia wimbo ambao mtazamaji anaujua tayari. Wimbo mmoja una milango miwili: haki ya utunzi na haki ya rekodi yenyewe. Ada zinazolipwa Japani kupitia JASRAC, chama kinachokusanya malipo ya watunzi wa nyimbo, hazikupi ruhusa ya kuuza diski Toronto.

Maison Ikkoku, 1986, vipindi 96 vya wapangaji na msimamizi wa nyumba yao, mwanamke mjane. Kipindi cha 24 kilifunguliwa kwa Alone Again (Naturally) ya Gilbert O'Sullivan. Toleo la Kiingereza likabadilisha wimbo. Eden of the East ya 2009, wasambazaji wa Marekani Funimation waliutumia wimbo wa bendi ya Oasis kwenye kipindi cha kwanza tu, vilivyobaki vikawekewa ufunguzi mwingine.

Hao walau wangeweza kubadilisha. Sasa tazama Omoide Poro Poro: wimbo wa kufungia ni The Rose ya Amanda McBroom kwa maneno ya Kijapani, sauti ya Miyako Harumi. Mashambani kunasikika muziki wa Hungaria, Bulgaria na filimbi za Gheorghe Zamfir. Juu yake kuna nyimbo za kipindi cha vikaragosi cha miaka ya 1960 cha NHK, televisheni ya umma ya Japani. Takahata alizipangilia picha juu ya muziki huo. Ukibadilisha umekata filamu, na kukata kumeshapigwa marufuku. Kabla ya kuomba bei, tengeneza jedwali la kila muziki: unaanza dakika ya ngapi, unaisha lini, nani mtunzi, nani mwenye rekodi, na je unapigwa nyuma au mhusika anauimba. Wa mwisho huo hauondoki.

Halafu vifaa. Mnunuzi anahitaji picha safi isiyo na maandishi ya ufunguzi na mwisho, orodha ya mazungumzo yenye muda wa kila sentensi, na mkondo wa muziki na milio uliotenganishwa na sauti za waigizaji. Kazi za zamani za televisheni mara nyingi zilichanganywa kwenye mkondo mmoja. Kutia sauti upya maana yake ni kufuta kila kitu na kuanza kutengeneza nyenje, hatua za kandambili, mlango wa kusukuma, birika. Kwenye mapigano mlipuko wowote unafaa. Kwenye chumba ambamo watu wawili wamekaa kimya, nyenje wakiwa wa bandia tukio zima linakufa. Tena nyingi zilipigwa kwa filamu ya milimita 16; kama negativu haijaskaniwa, bili ni ya mnunuzi.

Mwana wa Kisauni

Fundi, ongeza midomo.

Fundi Mikanda

Haya. Anime ya kawaida ina michoro mitatu ya mdomo: wazi, nusu, umefungwa. Waigizaji wanaongea baada ya picha kuchorwa, kwa hiyo lugha yoyote inaingia. Sehemu za ukubwani za Omoide Poro Poro zilirekodiwa sauti kwanza, Imai Miki na Yanagiba Toshiro, wachoraji wakafuata hadi mikunjo ya mashavu. Ukitia Kiingereza, au siku moja Kiswahili, kila irabu ya Kijapani inakushtaki. Umi ga Kikoeru GKIDS waliitoa bila kuitia sauti kabisa. Sioni ubaya.

Bint Ngamiani

Kwa watafsiri: kigezo cha Netflix kwa maandishi ya chini ni mistari miwili, herufi 42 kila mstari. Kiswahili kinajaa haraka kwa sababu kitenzi chetu kinabeba mtenda, wakati na mtendwa. Tamthilia ina maneno machache, mtu angedhani ni rahisi. Tatizo liko kwenye maandishi ya ndani ya picha: barua, ratiba ya treni, ubao wa darasa, huku mtu anaongea. Mazungumzo yabaki chini, maandishi ya picha yapande juu, na barua ndefu usiitafsiri yote. Chukua mstari ambao macho ya mhusika yameukazia. Lahaja nazo (Yamagata, Kochi) usizigeuze kuwa Kimtang'ata kwa mzaha. Zitofautishe kwa urefu wa sentensi na heshima.

Kasuku wa Gerezani

Kuna waliofanikiwa kulazimisha mlango. Katabuchi Sunao alipotaka kutengeneza Kono Sekai no Katasumi ni, maisha ya mke kijana katika mji wa Kure wakati wa vita, mwaka 2015 watu zaidi ya 3,300 walichanga takriban yeni milioni 39 mtandaoni. Fedha hiyo haikutosha filamu, ila iliwaonyesha wawekezaji kwamba watazamaji wapo. Ilianza 2016 kwenye kumbi 63 tu, ikasambaa, na mwaka uliofuata ikawa Marekani. Ile yake ya 2009, Mai Mai Shinko, ilipata toleo la Uingereza kwa njia hiyohiyo ya michango, msambazaji mdogo wa Glasgow akiwa ndiye mwombaji.

Karani wa Haki

Kwa wanaotaka kuonyesha Dar, Nairobi au Bujumbura kihalali: diski uliyonunua ni ya sebuleni. Diski za Ghibli za Japani mara nyingi zina maandishi ya Kiingereza, lakini kila diski imefungiwa kanda, yaani eneo la nchi ambako mashine zake huisoma: Blu-ray ya Japani ni kanda A na sisi ni B. Kwa DVD Japani ni 2, Tanzania na Kenya 5, Oman ni 2 kama Japani. Kanda A inachangia Japani na Marekani, na hiyo nayo ni sababu ya ucheleweshaji: Wajapani wanaogopa diski ya bei nafuu ya Marekani isije ikarudi kununuliwa Tokyo, ndiyo maana utakuta maandishi ya chini yaliyofungwa yasizimike.

Barua ya maombi iwe na tarehe, ukumbi, idadi ya viti, kiingilio au bure, mara ngapi itaonyeshwa na kwa mtambo gani. Kwa maonyesho yasiyo ya biashara anzia ubalozi wa Japani au Japan Foundation.

Ukipewa faili la DCP, yaani filamu ya kidijitali ya kumbi za sinema, linakuja na ufunguo wa kidijitali unaofungua mashine moja tu kwa saa zilizowekwa. Saa hizo mara nyingi huandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa. Ufunguo unaoanza 18:00 kwenye karatasi ni saa tatu usiku Dar na Nairobi (saa mbili Bujumbura), na wageni wako wamekaa tangu saa kumi na mbili jioni. Na kama mashine ya ukumbi imebadilishwa kadi baada ya kuharibika, cheti chake ni kipya na ufunguo wa zamani hauingii. Tuma cheti kipya, ujaribu ufunguo siku mbili kabla, kwa sababu Tokyo iko saa sita mbele ya Dar na Nairobi, saba mbele ya Bujumbura, na ofisi zao zinafungwa wakati sisi tunakula chakula cha mchana.