Kibaigwa: nivushe watoto barabara au niwaache shule ya jirani?

Baba Wawili:
Wakuu, salaam. Mwezi wa kwanza tunahamia Kibaigwa, mama watoto kapangiwa kazi huko. Binti anaingia darasa la tatu, wa kiume awali. Nyumba tumepata upande wa sokoni. Shule ya serikali ya jirani naambiwa imejaa na michango haiishi. Ng'ambo ya lami kuna nyingine, wastani wake wa mtihani wa taifa wa darasa la saba (NECTA) umeiacha hii mbali. Private mfuko hauruhusu. Wenyeji mnasemaje?

Dalali wa Alizeti:
Vusha watoto mkuu. Hapo jirani wanabanana wanne dawati moja.

Chaki Nyeupe:
Mkuu, mimi ni mwalimu wa msingi, wilaya hiyo hiyo ya Kongwa. Wastani usikubabaishe, ule ni wa waliofika chumba cha mtihani tu. Fungua matokeo ya darasa la nne ya miaka mitatu nyuma, hesabu watoto, halafu linganisha na waliofanya la saba. Pengo likiwa kubwa, uliza wamekwenda wapi. Kuna waliokariri darasa, kuna waliohama, na kuna wanaochunga ng'ombe. Bado kambi: la saba wanalala shuleni wakipigishwa maswali hadi Septemba, na mwalimu mzuri wa madarasa ya chini anahamishiwa huko huko. Tena binti yako yuko kwenye mtaala mpya ulioanza 2024, anamalizia darasa la sita. Hilo la saba halifiki kabisa!

Ukitaka kuijua shule, omba daftari la hisabati la mtoto wa jirani aliye la tatu. Juzi nimeshika moja: 52 − 17 = 45, na vema la wino mwekundu juu yake. Mtoto hajui kuchukua kumi, na mwalimu hakusoma, kapitisha kalamu tu. Ukikuta hivyo kurasa tatu mfululizo, ondoka. Ukikuta kosa limezungushiwa na masahihisho chini yake, hata kama darasa limefurika, mwache mwanao hapo.

Michango nayo isikukimbize kabla hujauliza ni ya nini. Ruzuku iliyopangwa tangu elimu bure ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, hiyo haipiki uji. Na huku kwetu kukavu, mwezi wa pili ghala za wengi zimeshakauka. Shule yenye uji wa saa nne, watoto wanakuwepo hadi kengele ya mwisho.

Mama Pacha:
Mwalimu umenena, ila barabara umeisahau. Hiyo ndiyo njia kuu ya Morogoro–Dodoma, mabasi hayapunguzi mwendo. Msimu wa mahindi malori yanapaki pande zote mbili, mtoto anachomoza katikati ya semi mbili dereva hamwoni. Wangu wanavuka, lakini wako la sita. Wa awali usithubutu, baba.

Baba Wawili:
Ahsanteni. Basi wote jirani kwanza, daftari nitalikagua nikifika. Mwalimu, uhamisho unakuwaje?

Chaki Nyeupe:
Anzia shule anayosoma sasa. Mwalimu mkuu aanzishe uhamisho, na uondoke na namba ya PReM ya binti, ile namba yake ya usajili wa mwanafunzi. Fanya kabla hawajafunga mwezi wa kumi na mbili, mwalimu mkuu akishakwenda likizo utamsaka hadi kwao. Wa awali beba cheti cha kuzaliwa tu.