Daraja la Rusumo: tupeane uzoefu sisi tuliolivuka kutoka Kigoma na Tabora

Mwanzisha mada (Kasulu):
Ndugu wanajamvi, naomba tukusanye hapa kumbukumbu zetu kuhusu Daraja la Rusumo, linalounganisha wilaya yetu ya Ngara na Rwanda juu ya mto Kagera, kwa sababu wazee walioishi na daraja lile wanaondoka mmoja baada ya mwingine bila simulizi zao kuandikwa. Nianze na yangu.

Nikiwa utingo wa lori la baba mdogo, tulipandisha kupitia Kibondo, Kakonko na Nyakanazi, tukapita Lusahunga na Benaco hadi mpakani. Enzi hizo daraja lilikuwa lile la zamani, jembamba, la njia moja, hivyo magari ya upande mmoja yalisubiri ya upande wa pili yamalize kuvuka. Wakati wa kusubiri nilisimama kutazama maporomoko, ambako maji ya Ruvubu, yaliyokwisha kujiunga na Kagera hatua chache juu yake, huporomoka kwa kishindo kinachomlazimu mtu kupaza sauti anapozungumza. Baada ya kuvuka, baba mdogo alihamia upande wa kulia wa barabara, maana Rwanda huendesha kulia, nasi huendesha kushoto.

Ningependa hasa kusikia waliokuwapo mwaka 1994.

Mchangiaji (Kibondo):
Shikamooni wakubwa, na wadogo nawasalimu. Mimi nilikuwa mhudumu wa afya, nikapelekwa kambi ya wakimbizi ya Benaco wakati ule. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, takriban watu 250,000 walivuka daraja lile wakikimbia vita nchini kwao, na wengi wao walikuwa Wahutu. Mpakani walinyang'anywa mapanga na mikuki, vikawekwa marundo kando ya barabara. Nimeyaona marundo hayo kwa macho yangu, na sipendi yasahaulike, kwa kuwa katika umati ule walichanganyika watoto wasio na hatia na watu waliokuwa wameshiriki mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Sisi tuliokuwa tukigawa maji na dawa hatukuweza kuwatenganisha. Chini ya daraja, mto ulikuwa ukibeba miili ya waliouawa kuelekea Ziwa Victoria.

Mchangiaji (Tabora mjini):
Pole sana, dada, na ahsante kwa kutuandikia. Hilo la mto lilitufikia hata huku: mama yangu aliacha kununua samaki wa kutoka Mwanza kwa muda mrefu, na sisi watoto hatukuelezwa sababu.

Mimi nimelijua daraja jipya tu, la njia mbili na urefu wa mita 80, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kuzinduliwa tarehe 6 Aprili 2016 na Marais John Magufuli na Paul Kagame, pamoja na kituo cha pamoja cha huduma za mpakani. Nikipeleka mchele, nyaraka hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, na hilo limetupunguzia sana muda wa kusubiri.

Mwanzisha mada:
Dada wa Kibondo, ukipata nafasi, tafadhali tuandikie pia jinsi maji yalivyopatikana Benaco katika siku zile za mwanzo.